Fedha za Amana Katika Akaunti, na Namna ya Kuzieleza kwa Mtoza Kodi

Mtu wa kisiwa cha Chula aliyekulia katika biashara ya baharini haoni ajabu fedha za watu wengine kukaa mikononi mwake. Nahodha hurudi na papa au kamba, mali ikauzwa Kismayo au ikavushwa hadi Kiunga na Lamu, na thamani yake ikapokewa na mtu mmoja aliyeaminiwa na wote, naye akampa mwenye mashua fungu lake, mabaharia mafungu yao, na aliyekopesha mafuta na barafu haki yake, kisha yeye mwenyewe akabakiwa na ujira mdogo. Zamani fedha hizo zilipokuwa zikipita mkono kwa mkono, hapakuwa na mgeni wa kuziuliza. Walakini leo hupita katika benki na katika simu, na akaunti ya benki hukumbuka kiasi na tarehe, wala haikumbuki kwamba mwenye akaunti alikuwa mwekwa amana tu. Afisa wa kodi aifunguapo huona shilingi ngapi zimeingia, na asipoambiwa kwa bayana zilikuwa za nani, huzihesabu zote kuwa mapato ya yule ambaye jina lake limeandikwa juu.

Huko Chula kwenyewe mas-ala haya aghalabu hayana uzito, kwani tangu dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 mvuvi amezoea kutozwa ushuru bandarini na sokoni, wala hakuzoea kuulizwa habari za akaunti yake. Lakini jamaa zetu waliokimbia vita wakashuka Lamu, Malindi na Mombasa, na wale waliovuka hadi Uingereza, wamefungua akaunti katika nchi ambazo serikali zake husoma daftari za benki, na fedha za visiwani humo ndimo zinamopita. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na wale waliobaki visiwani ambao mali yao inahifadhiwa na mtu wa Mombasa. Maana siku mtu huyo atakapoandikiwa barua, ushahidi atakaouhitaji utakuwa kwao.

Kwanza ifahamike sheria ilivyo. Nchini Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 56, imemtwika mlipa kodi mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi wa Kamishna wa kodi si sahihi. Katika shtaka la wizi anayeshtaki ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na aliyeshtakiwa aweza kunyamaza. Katika mas-ala ya kodi kunyamaza ni kushindwa. Wengi wa watu wetu hawalijui jambo hili, hujibu barua ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, yaani KRA, kwa kusema kwamba fedha zile si zao na Mungu ni shahidi, wakadhani kwamba wamejibu. Wamesema kweli, lakini mbele ya sheria hawajasema kitu.

Njia itumikayo si ngumu kuifahamu. Afisa huchukua taarifa za akaunti zote za mtu, na za M-Pesa pamoja nazo, akajumlisha yote yaliyoingia kwa mwaka, akaondoa yale aliyoridhika kwamba si mapato, kama mkopo wa benki au fedha zilizohama kutoka akaunti moja ya mtu kwenda nyingine iliyo yake mwenyewe. Salio lililobaki hulilinganisha na mapato yaliyotangazwa mwaka ule, na tofauti yake ndiyo inayotozwa. Tuchukue mfano wa mtu wa Mombasa anayewauzia samaki jamaa zake, ambaye kwa mwaka mmoja akaunti zake zimepokea shilingi 5,600,000. Katika hizo, 1,300,000 ni zake mwenyewe alizozitoa M-Pesa akazitia benki, kwa hiyo zimehesabiwa mara mbili. 1,100,000 zimeletwa na ndugu zake walioko Uingereza kwa ujenzi wa nyumba ya mama yao. 2,400,000 ni thamani ya kamba na papa wa mashua tatu, zilizoingia na kutoka. Na 800,000 ndizo zilizo zake kweli, ujira wake na mauzo yake. Asipoeleza, ataonekana ni mfanyabiashara wa shilingi 5,600,000, aliyeruka mpaka wa 5,000,000 ambao mwenye kuufikia hupaswa kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, na atadaiwa kodi ya mapato, pengine na hiyo VAT ya asilimia 16, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Deni la namna hiyo laweza kumeza mtaji wake, na mtaji wa mashua tatu zisizokuwa zake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kupokea barua ni kumwomba afisa jedwali la viingilio alivyovihesabu, kimoja kimoja, kwa tarehe na kiasi. Ni haki ya mtu kujua ametozwa kwa lipi, na mara nyingi nusu ya ugomvi huishia hapo, kwani ndani ya jedwali hilo hukutwa fedha zilizohama kati ya akaunti za mtu yule yule, hundi zilizorudi, muamala uliokosewa ukarejeshwa, na mkopo uliohesabiwa kuwa mauzo. Kisha mwenye akaunti aketi na kuandika jedwali lake pembeni ya lile, kila kiingilio na mstari wake: siku iliyoingia, kiasi, aliyeleta, aliyekusudiwa, sababu, karatasi inayothibitisha, na mahali fedha zilipokwenda baadaye. Safu hii ya mwisho watu huisahau, nami naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ikiwa shilingi 180,000 za kamba ziliingia Jumatatu, na Jumanne zikatoka kwa nahodha 70,000, kwa mwenye mashua 60,000, kwa mabaharia watatu 12,000 kila mmoja, na kwa muuza mafuta 8,000, mtu amebakiwa na 6,000. Basi mtiririko huo wenyewe waonyesha kwamba alikuwa wakala, na kilichokuwa chake ni zile 6,000.

Naam, mtiririko hautoshi peke yake. Wahitaji karatasi ya kuueleza. Kwa kila safari ya mashua iandikwe hati fupi, hata kwa kalamu: jina la mashua na la nahodha, tarehe, mali gani na kilo ngapi, aliyenunua na bei aliyonunulia, gharama zilizokatwa, mafungu yaliyogawiwa, na chini yake sahihi au dole gumba la kila aliyepokea. Hati iliyoandikwa siku ya mauzo, yenye wino wa siku ile na doa la mafuta ya samaki, humshawishi msikilizaji kuliko maelezo marefu yaliyochapishwa na wakili miaka minne baadaye. Wala hakuna geni katika haya kwa Mwislamu, kwani aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, imekuja kwa habari hii hii ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Nasikitika kwamba tumelegea katika amri hiyo kwa sababu ya kuaminiana, hata imekuwa mtu kumwomba nduguye sahihi ni kama kumtuhumu.

Kuna kipimo kimoja kinachotumika India, kilichokua katika mahakama zake chini ya kifungu cha 68 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961, ambacho nakipenda kwa wepesi wake, na kinamfaa mtu yeyote mwenye kupanga utetezi wake, ijapokuwa kesi yake iko Mombasa. Huulizwa mambo matatu. Aliyetoa fedha ni nani, na je, yupo kweli? Alikuwa na uwezo wa kuzitoa? Na je, muamala wenyewe ni wa kweli, au ni pazia? Watu wetu hujibu swali la kwanza wakaishia hapo. Huleta barua ya ndugu aliyeko Leicester, Uingereza, isemayo, mimi ndimi niliyemtumia dada yangu pauni 4,000, nao hudhani hoja imekwisha; lakini afisa atauliza ndugu huyo hufanya kazi gani, na kama mshahara wake wa mwezi unaruhusu kutoa kiasi kile. Basi na aambatishe hati zake za mshahara za miezi ile, na taarifa ya benki yake inayoonyesha fedha zikitoka siku ile ile au siku moja kabla ya kupokewa. Kwa swali la tatu ziletwe risiti za saruji na mabati, picha za nyumba ya mama ikipanda, na mazungumzo ya simu ya wakati ule yaliyotaja ujenzi.

Hapa ndipo hawala, yaani kupeleka fedha kwa mawakala wasio benki, inapoleta taabu yake. Hawala imewalisha watu wetu kwa miaka yote ambayo Somalia haikuwa na benki, nami siitaji kwa kuilaumu. Lakini mwenye kuitegemea kwa ushahidi akumbuke kwamba kampuni huweza kutoweka na daftari zake. Al-Barakaat, iliyokuwa kubwa kuliko zote za Wasomali, ilifungiwa mali zake na Marekani tarehe 7 Novemba 2001, na waliokuwa na amana ndani yake walibaki na vijikaratasi. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kupeleka fedha, zikarudishiwa miezi michache baadaye. Katika muda ule fedha zilitafuta njia nyingine, kwa mikono ya wasafiri na kwa simu za marafiki, na mtu aliyepokea fedha za mama yake kupitia simu ya rafiki wa rafiki leo ana kazi ngumu ya kueleza jina lile geni kwenye taarifa yake. Kwa hiyo risiti ya hawala ichukuliwe siku ile ile, ipigwe picha kabla wino wake haujafifia, maana karatasi zile za mashine hubaki nyeupe baada ya miaka michache, na picha iwekwe mahali pawili. Ujumbe wa simu usifutwe. Anayepokea dola kwa EVC Plus, yaani fedha za simu za upande wa Somalia, kisha akazituma Kenya kwa njia nyingine, aandike siku hiyo hiyo kiwango cha kubadilishia, kwani asipofanya hivyo, kilichotoka na kilichoingia havitalingana, na tofauti itaonekana ni uongo.

Jambo jingine, nalo ni letu hasa sisi Wabajuni, ni majina. Mtu wa Chula hujulikana kwa jina lake, la babake na la babu yake. Hana jina la ukoo kama wanavyolitaka Wazungu, na jina moja huandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu: Muhammad katika pasipoti, Mohamed katika benki, Mohd katika M-Pesa. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waweza kuwa na majina ya mwisho yasiyofanana kabisa, mmoja ameandikwa kwa jina la babu na mwingine kwa laqabu. Afisa asiyetujua ataona mgeni amemtumia mgeni fedha nyingi bila sababu. Basi yaandaliwe mapema maelezo ya nasaba katika ukurasa mmoja, kila mtu na jina lake kama lilivyo katika kila hati, yakifuatana na vyeti vya kuzaliwa vilivyopo, cheti cha nikaha, na karatasi za ukimbizi. Tena, mwenye kuishi Uingereza aliyeomba hifadhi huko ana maelezo yake yaliyoandikwa alipohojiwa, ambayo yamewataja ndugu zake na mali aliyoiacha. Akisema leo kwamba fedha zimetoka kwa ndugu ambaye hakumtaja wakati ule, awe tayari kueleza kwa nini. Ayasome maelezo hayo ya zamani kabla ya kuandika mapya.

Na wale ambao asili ya fedha zao ni mali ya kabla ya vita, jahazi lililouzwa, dhahabu ya mama, au nyumba ya Kismayo iliyogawiwa kwa mirathi, wasikate tamaa kwa sababu hati ziliungua au ziliachwa ufukweni. Watafute alichobakiwa nacho kila mmoja: picha za zamani, barua, kadi ya uvuvi, sahihi ya kadhi juu ya mgawanyo wa mirathi, na mashahidi wawili au watatu wasio warithi, wanaoweza kufika wenyewe na kuulizwa. Hati ya kiapo iapwe mbele ya kamishna wa viapo, walakini isitegemewe peke yake, kwa maana kiapo cha mwenye kesi, kisichoungwa mkono na karatasi wala na mtu wa tatu, hakina uzito mkubwa.

Namsihi mtu yeyote asitunge hati. Nimekwisha kusikia ushauri ukitolewa vibarazani, kwamba andika mkataba wa mkopo leo na uuwekee tarehe ya miaka mitatu nyuma, na ndugu atie sahihi. Huo ni uongo kwa Mungu na ni jinai kwa serikali. Na namba ya simu iliyosajiliwa baada ya tarehe ya mkataba, au toleo la kitambulisho ambalo halikuwako siku ile, humfichua mtungaji, na akisha kufichuliwa kwa karatasi moja, karatasi zake tisa za kweli nazo huanguka. Na ikiwa katika jumla ile ziko fedha zilizo mapato yake kweli, kama zile 800,000 za mfano wetu, azitaje kwa kinywa chake na kudai gharama zake za halali. Mwenye kukubali lililo lake husikilizwa anapokana lisilo lake.

Sasa habari za muda, ambazo zimewaangusha wengi waliokuwa na haki. Mtu akiletewa makadirio ya kodi Kenya ana siku 30 tangu kujulishwa kuandika pingamizi, nalo hupelekwa kwa mfumo wa iTax. Tatizo ni kwamba taarifa yenyewe huja kwa barua pepe, na watu wetu wengi walifunguliwa PIN ya kodi katika saiba, na kijana wa saiba akatia anwani yake mwenyewe au akaunda mpya ambayo neno lake la siri analijua yeye. Barua ikija haina msomaji. Kila mwenye PIN na ahakikishe leo, kabla hajaandikiwa lolote, kwamba anwani iliyoko huko ni yake au ya mwanawe. Aliyechelewa kwa sababu alikuwa nje ya Kenya, au mgonjwa, au kwa sababu nyingine ya maana, sheria inamruhusu kuomba kuongezewa muda. Basi tiketi, muhuri wa pasipoti au karatasi ya hospitali viambatishwe na ombi hilo.

Pingamizi lenyewe lisiwe la malalamiko ya jumla. Sheria yataka litaje waziwazi hoja zake, marekebisho yanayotakiwa na sababu zake, liambatane na hati, na kodi isiyobishaniwa iwe imelipwa. Hoja iliyosahauliwa hapo haiwezi kutumiwa katika rufaa ila kwa ruhusa, kwa hiyo ziandikwe zote, hata iliyoonekana ndogo. Kamishna akilipokea pingamizi lililo sahihi, sheria yampa siku 60 kuamua, naye asipoamua ndani yake, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Basi tarehe ya kupokelewa ihifadhiwe kama hati nyingine yoyote. Akikataa, ziko siku 30 za kutoa ilani ya rufaa katika Baraza la Rufaa za Kodi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, kwa ada ya shilingi 20,000 isiyorudishwa, na siku 14 baada ya ilani za kupeleka hoja za rufaa. Iko pia njia ya suluhu nje ya Baraza, nami naipendelea kwa mtu ambaye karatasi zake ni za kweli ila zina mapengo, kwa sababu katika suluhu maafisa huweza kukubali sehemu, na mtu akaondoka na deni analoliweza.

Aliyeko Tanzania ajue kwamba huko nako pingamizi ni ndani ya siku 30, lakini huambatana na kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisichobishaniwa, kilicho kikubwa katika hivyo viwili. Aliyeko Uingereza ana siku 30 vilevile. Na huko mamlaka huweza kurudi nyuma miaka 4 kwa kawaida, 6 kwa mtu aliyezembea, na 20 kwa aliyeficha makusudi. Ndiyo sababu sitosheki na miaka 5 ambayo sheria ya Kenya hutaka kumbukumbu zihifadhiwe: mwenye jamaa katika nchi mbili na aweke karatasi zake muda wote ambao nafasi yaruhusu.

Wenye kushika fedha za harusi, za matanga na za vyama vya wanawake, nao huandikiwa barua kama wafanyabiashara. Mweka hazina mara nyingi ni mama asiye na mapato yoyote, aliyechaguliwa kwa uaminifu wake, naye ndiye ambaye akaunti yake hujaa na kumwagika kila mwezi. Haifai kumtwika hatari hiyo. Chama kifungue akaunti kwa jina la chama, na ikishindikana, apewe laini ya simu isiyotumika kwa jambo jingine, na kila mkutano uandikwe: waliotoa, kiasi, na aliyepewa. Muuza samaki naye atenge akaunti ya amana na akaunti ya nyumba, na ujira wake auhamishe kutoka ya kwanza kwenda ya pili kila mwisho wa mwezi, akiandika katika uhamisho kwamba ni ujira. Hivyo mapato yake ya kodi yatakuwa yamekwisha kujitenga yenyewe kabla ya swali lolote.

Na anayetuma kutoka Uingereza au Ghuba afanye jambo moja dogo kabla ya kutuma tena. Aandike barua ya nusu ukurasa, yenye tarehe, inayotaja kiasi anachokusudia kutuma mwaka huu, kwa nani, kwa kazi gani, na kazi anayofanya yeye huko. Aitie sahihi, aambatishe nakala ya pasipoti, na kuipeleka kwa yule atakayepokea. Nakala moja ibaki kwa mtu wa tatu wa familia, asiyesafiri baharini na anayejua kusoma, ambaye atajua sanduku la karatasi hizi liko wapi endapo mwenye akaunti atakuwa yuko Chula siku barua ya KRA itakapofika Mombasa.